Ufa wa Dari Usomwe Kabla ya Kuzibwa

Mama mwenzetu, kazi nyingi za nyumbani hutuinamisha. Tunafagia, tunapiga deki, tunachambua mchele, tunaokota viatu vya watoto, na macho yetu huwa chini tangu asubuhi hadi jioni. Dari tunaiona pale tu tunapolala chali, aghalabu usiku tukinyonyesha au tukiuguza, na hapo ndipo tunapogundua kwamba pana mstari umetokea juu ya kitanda ambao mwezi uliopita haukuwapo.

Tukiuona, wengi wetu hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama tunauacha kwa kuwa haujaangusha kitu, ama tunamwita fundi aje na kopo la rangi. Fundi anaziba, anapaka, dari inang'aa, tunamlipa na kumshukuru. Yakipita masika moja ufa unarudi palepale, kana kwamba hakuna aliyewahi kuugusa. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta tunaijua sote tangu shuleni, lakini haikutuambia ufa uzibwe namna gani, wala kwamba ufa uliozibwa vibaya humla mtu fedha mara mbili.

Mwezi huu basi tunazungumzia dari za jipsamu, kwa kuwa ndizo zinazowekwa katika nyumba nyingi mpya za mijini, na ndizo zinazoharibiwa zaidi na matengenezo ya harakaharaka. Kila ufa una chanzo, na mara nyingi chanzo hicho husomeka katika umbo la ufa wenyewe. Mama anayejua kuusoma hahitaji kushika mwiko kwa mikono yake, ila atajua fundi anafanya nini juu ya ngazi na kwa nini.

Kwanza tuijue bodi yenyewe. Jipsamu ni jiwe laini linalochimbwa ardhini. Hapa Tanzania huchimbwa Makanya, wilayani Same, na Itigi mkoani Singida, na viwanda vya saruji hulitumia. Jiwe hili lina maji ndani yake. Likichomwa kwa moto wa kiasi na kusagwa, hupoteza sehemu kubwa ya maji hayo na kuwa unga mweupe. Unga huo ukitiwa maji huyanywa tena, na baada ya muda mfupi hurudi kuwa jiwe. Ni unga wa namna hiyohiyo unaotumika hospitalini kumfunga plasta mtu aliyevunjika mguu. Mwaka 1894 Mmarekani Augustine Sackett alipewa hataza ya bodi iliyotengenezwa kwa tabaka za karatasi na jipsamu, na bodi tunazonunua leo ni kizazi cha ile yake: jipsamu katikati, karatasi ngumu juu na chini.

Karatasi hiyo si pambo. Jipsamu peke yake ni kama chaki, ukiipinda inakatika. Karatasi ndiyo inayoishikilia isivunjike, na ndiyo maana bodi iliyochanika karatasi, au iliyolowa mpaka karatasi ikabanduka, haina tena nguvu hata kama kwa macho inaonekana nzima. Na uzito wake si mdogo. Bodi moja ya kawaida, upana sentimita 120 na urefu sentimita 240, yenye unene wa milimita 12, huzidi kilo 20. Tunataja uzito huu kwa makusudi. Dari iliyolegea juu ya kitanda cha mtoto si suala la urembo wa nyumba.

Sasa tuje kwenye nyufa. Simama katikati ya chumba mchana, madirisha yakiwa wazi, uitazame dari kwa utulivu. Usiku tochi husaidia zaidi: iweke karibu na dari, mwanga uende ubavuni badala ya kuelekea juu, na kila kivimbe na kila bonde litajitokeza lenyewe.

Ukiona ufa ulionyooka kama uliopigwa rula, hapo ndipo bodi mbili zinapokutana. Huu ndio ufa wa kawaida kuliko yote, na chanzo chake mara nyingi ni fundi wa kwanza: alijaza unga kwenye kiungo bila kuweka utepe, au aliuweka utepe juu ya pengo tupu. Mbao za dari hupanuka na kunywea majira yanapobadilika, na unga mtupu hauwezi kuhimili mvuto huo. Ikiwa mbao zilipigwa zikiwa mbichi, jambo ambalo ni la kawaida kwetu kwa kuwa tunajenga kidogokidogo na mbao hununuliwa siku fedha ilipopatikana, basi katika mwaka wa kwanza au wa pili zitaendelea kukauka na kuvuta bodi. Kwa nyumba mpya ya namna hiyo, ikiwa dari ni imara na ufa ni mwembamba, ni afadhali kuvumilia mpaka mbao zitulie ndipo utengeneze mara moja kwa uhakika.

Vipele vya mviringo, ukubwa wa kifungo cha shati, vikiwa vimepangana kwenye mstari, ni vichwa vya misumari vinavyosukumwa nje. Dari ya jipsamu hufungwa kwa skrubu. Fundi aliyetumia misumari alijiokolea muda yeye, si wewe. Na ufa unaozunguka chumba chote, pale dari inapokutana na ukuta, huonyesha kwamba paa linasogea na ukuta hausogei. Paa la bati hupata moto mkali mchana na kupoa usiku, na kenchi zake nazo hucheza. Ufa huu hauleti hatari, lakini ukizibwa kwa kitu kigumu utarudi tu, hata ukimleta fundi gani.

Ufa unaokatiza bodi yenyewe, kwa mshazari au kwa kupindapinda, unataka uangalifu zaidi. Bodi haikatiki katikati bila kusukumwa na kitu. Labda mtu alipanda juu ya dari kufuatilia waya akakanyaga pasipo na mbao. Labda mbao zimepishana mno: bodi nyembamba za milimita 9 zinapenda mbao kila sentimita 40 hivi, na tumeona nyumba ambamo mtu angeweza kupitisha kitanda kati ya mbao na mbao. Labda pangaboi limening'inizwa kwenye bodi badala ya kufungwa kwenye boriti, na kila linapozunguka linatikisa dari nzima. Pangaboi la hivyo lizimwe leo, kabla ya kumaliza kusoma ukurasa huu.

Mama mmoja tunayemfahamu alikuwa na ufa wa mshazari sebuleni. Fundi wa kwanza aliuziba, ukarudi. Wa pili aliuziba, ukarudi. Wa tatu, kijana mdogo, alimwomba ngazi akachungulia juu ya dari kabla ya kufungua kifurushi chake cha unga. Akakuta simtanki la lita 500 limekalishwa juu ya kenchi mbili, katikati ya chumba. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lilipojaa ilikuwa nusu tani imekaa pale, na mbao zilikuwa zikiinama. Maji yakikatika mtaani na tanki likaisha, mbao zikainuka. Dari ilikuwa inapumua kama kifua cha mtu. Tanki lilishushwa na kujengewa mnara wake nje, ufa ukazibwa mara ya tatu, na hapo ukakoma. Fedha zilizokwenda kwa mafundi wawili wa kwanza zilikuwa zake za kibati.

Tumekieleza kisa hicho kwa sababu ya lile neno moja: alichungulia. Fundi asiyechungulia juu ya dari anakisia tu. Mbali na matanki, huko juu hukutwa panya, popo na kinyesi chao kinachozidi kuwa kizito mwaka hadi mwaka, mabaki ya mbao na matofali yaliyosahauliwa na wajenzi, na hata mizinga ya nyuki.

Kisha kuna doa. Ufa wenye doa la rangi ya chai kando yake umeletwa na maji, na hapo suala si la dari tena bali la paa. Mara nyingi ni msumari wa bati uliolegea au mpira wake uliokauka, bati lililoingia kutu kwenye mpishano, au majani yaliyoziba mfereji mpaka maji yakarudi ndani. Kumbuka kwamba maji hayashuki wima. Huteleza juu ya mbao na kudondoka mita kadhaa kutoka pale yalipoingilia, kwa hiyo tundu la batini huenda lisiwe juu ya doa. Mtu mmoja amwage maji juu ya paa sehemu baada ya sehemu, kuanzia chini kwenda juu, na mwingine akae darini na tochi. Mpaka tundu lipatikane na kuzibwa, usinunue hata kilo moja ya unga.

Ikitokea usiku wa mvua kubwa dari ikaota tumbo, maji yamejaa juu yake. Ondoa watoto chumbani humo. Zima umeme kwenye swichi kubwa, maana maji hufuata waya mpaka kwenye taa. Kisha sogeza vitu, weka beseni au ndoo, na mtu mzima atoboe kwa bisibisi pale tumbo liliposhuka zaidi, akisimama pembeni na si chini yake, ili maji yatoke polepole. Tundu dogo huzibwa kwa urahisi. Dari nzima ikianguka kwa uzito wa maji, hakuna cha kuziba.

Kabla ya kuingia kwenye matengenezo tunaomba uvumilivu kwa jambo moja zito, maana tusipolisema hapa makala haya yanaweza kumdhuru mtu. Maelezo ya matengenezo yanayofuata ni ya jipsamu peke yake. Nyumba nyingi za zamani, zikiwamo nyumba za watumishi, shule na majengo ya mashirika, ziliezekwa na hata kuwekwa dari kwa mabamba ya saruji yenye asbesto. Bamba hilo ni gumu, la kijivu, halina karatasi, na ukilikwaruza kwa ukucha halibonyei kama jipsamu. Likiwa zima na limepakwa rangi, likaachwa bila kuguswa, halina madhara makubwa. Hatari huanza linapokatwa kwa msumeno, linapotobolewa au kupigwa msasa, maana hapo hutoa nyuzi ndogo sana ambazo jicho haliwezi kuziona, na mtu akizivuta hukaa mapafuni. Ugonjwa wake, pamoja na saratani, huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au hata 40.

Wala tusidhani ni hatari ya mafundi peke yao. Mwaka 1965 watafiti wawili wa London, Muriel Newhouse na Hilda Thompson, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya wagonjwa wa saratani ya utando unaozunguka mapafu na tumbo. Miongoni mwa wagonjwa hao walikuwamo ambao hawakuwahi kufanya kazi ya asbesto hata siku moja. Waliishi tu nyumba moja na mfanyakazi wa asbesto. Wengi wao walikuwa wanawake, na kazi yao iliyowaponza ilikuwa kufua nguo za kazi za waume zao. Uingereza ilipiga marufuku asbesto zote mwaka 1999, na Afrika ya Kusini ilifuata mwaka 2008, lakini mabamba yaliyokwisha wekwa juu ya vichwa vya watu hayaondoki kwa sheria. Kwa hiyo, ukiwa na shaka yoyote juu ya dari ya nyumba ya zamani, usikwangue, usipige msasa, usifagie vipande vikavu. Iache, uzuie watoto kuipiga kwa mpira, na uwaulize wahusika wa mazingira au afya katika halmashauri yako namna ya kuiondoa.

Tukirudi kwenye jipsamu, tuseme chanzo kimepatikana na kimeondolewa. Kazi ya ufa wa kiungo huenda hivi. Chumba kihamishwe vitu, na visivyohamishika vifunikwe vizuri, kwa kuwa vumbi la jipsamu huingia mpaka kwenye kabati lililofungwa. Watoto wenye pumu walale kwa bibi siku mbili. Fundi avae barakoa na kitu cha kukinga macho. Umeme wa chumba hicho uzimwe ikiwa ufa uko karibu na taa.

Jambo la kwanza si kuziba, bali kubonyeza. Fundi aweke kiganja kando ya ufa na kusukuma juu. Bodi ikicheza, haijashikwa. Aongeze skrubu pande zote mbili za kiungo, kila baada ya sentimita 20 hivi, na ziingie kwenye mbao. Kichwa cha skrubu kizame kidogo tu bila kuchana karatasi, kwa maana skrubu iliyotoboa karatasi haishiki chochote. Penye msumari uliochomoza, aweke skrubu mpya kama sentimita tano pembeni yake, ndipo msumari wenyewe ung'olewe au upigwe ndani. Kazi hii ndogo ndiyo inayorukwa kuliko zote, kwa sababu haionekani rangi ikishapakwa.

Kisha ufa ufunguliwe. Akina mama wengi hushtuka wanapomwona fundi akiupanua ufa kwa kisu, wanadhani anaharibu. Anafanya sawa. Utepe wa zamani uliobanduka utolewe, unga uliolegea ukwanguliwe, na kingo zichongwe kidogo ili unga mpya upate pa kushika. Vumbi lipigwe brashi lote. Unga ukipakwa juu ya vumbi hushika vumbi, haushiki dari.

Katika kukoroga, maji hutangulia na unga hufuata, kinyume na tufanyavyo tukikanda chapati. Unyunyizwe kidogokidogo mpaka uwe mzito kama uji wa mgonjwa uliopoa. Ndoo iwe safi kabisa, kwa sababu mabaki ya unga ulioganda huharakisha ule mpya kuganda. Na ukianza kuganda, usiongezewe maji. Fundi anayeurudisha kwa kuutia maji ili asipate hasara anakupakia kitu kilichokwisha kufa. Ndiyo sababu ukorogwe wa kutosha kazi ya nusu saa tu.

Pengo lijazwe kwanza, liachwe ligande. Halafu upakwe mkono mwembamba wa upana wa sentimita 10 hivi, na utepe ulazwe juu yake ungali mbichi, ukandamizwe kwa skrepa kuanzia katikati kwenda nje ili usiache hewa. Tepe ziko za namna mbili. Wa karatasi hauvutiki, na ukilazwa vizuri hushinda. Ila unataka mkono mzoefu, la sivyo hutoa malengelenge. Wa wavu una gundi yake, ni rahisi, na unafaa pia kwa viraka, lakini uambatane na unga ule unaoganda wenyewe kuwa mgumu, si ule uliokorogwa tayari kwenye kopo na kukauka kwa hewa. Kwa viungo virefu vya dari sisi tungechagua karatasi. Kinachotusikitisha ni kuona watu wakiziba kwa saruji nyeupe peke yake bila utepe wowote, eti ni imara zaidi. Ni ngumu zaidi, kweli, lakini ugumu siyo kinachotakiwa mahali panaposogea.

Mkono wa kwanza ukikauka, unafuata wa pili wenye upana wa sentimita 20, na wa tatu wa 30, kila mmoja mwembamba kuliko uliotangulia. Upana huu ndio unaoficha kiraka, kwa sababu kivimbe kinakuwa kimesambaa mpaka jicho halikioni. Wakati wa kiangazi huko Dodoma mkono mmoja hukauka upesi. Tanga au Dar es Salaam mwezi wa Aprili unaweza kuhitaji siku mbili. Ukiguswa uwe mkavu, usio na ubaridi. Msasa ni wa mwisho na ni mwepesi, mradi usichane karatasi ya bodi pembeni. Hapo ile tochi ya ubavuni irudi tena kazini.

Kwa ule ufa unaozunguka chumba penye ukuta, unga na utepe si dawa yake. Kuna gundi laini ya mrija inayobaki kama mpira na kukubali kupakwa rangi; hiyo huvutika paa linaposogea. Njia nyingine ni kuufunika kwa konisi iliyofungwa upande mmoja tu, ama kwenye dari ama kwenye ukuta, ili upande wa pili uwe huru kuteleza.

Bodi iliyolowa na kulainika haizibwi, hukatwa. Fundi akate kipande cha pembe nne mpaka afike penye ukavu, na kingo zifike katikati ya mbao ili kiraka kipate pa kufungwa; pasipo na mbao aongeze. Kiraka kiwe cha unene uleule wa dari. Weusi wa ukungu uliokuwa juu ya mbao usafishwe na mbao zikauke kabla ya kufunika, hata kama ni wiki nzima ya kuangalia shimo. Tunajua inachosha, hasa wageni wakija, lakini kufunika unyevu ni kuulea.

Wasomaji wetu wa Zanzibar, Lamu na Mombasa wenye nyumba za mawe za zamani wasifuate maelezo haya. Kwao neno dari lina maana nyingine kabisa: ni boriti za mikoko, mawe na chokaa, uzito mkubwa sana, na ufa wa dari ya namna hiyo ni wa kuonyeshwa fundi wa chokaa kwanza. Saruji na jipsamu havina kazi pale.

Neno juu ya makubaliano. Kabla fundi hajaanza, muulize maswali matatu: atatumia utepe gani, atapaka mikono mingapi, na je, amechungulia juu. Akikuahidi kumaliza kila kitu leo mpaka rangi, na ufa una urefu wa chumba, jua kuna hatua ataruka. Vifaa nunueni wenyewe, wewe na baba watoto, au mmoja wenu afuatane naye dukani. Mfuko wa unga wenye mabonge umekwisha kunywa unyevu na haufai, hata ukiuzwa kwa bei nafuu. Malipo yagawanywe, na sehemu ya mwisho ibaki mpaka kazi ikauke na uikague. Chai ya fundi ni utu wema na tusiiache, lakini isichukue nafasi ya makubaliano. Wale waliopanga wazungumze na mwenye nyumba kabla ya kutoa hata senti, wakubaliane kwa maandishi kama gharama itakatwa kwenye kodi, na kila risiti itunzwe. Dari iliyovuja kwa ajili ya bati bovu si mzigo wa mpangaji.

Rangi nayo ina utaratibu wake. Kiraka kipya hunywa rangi kuliko dari ya zamani, kwa hiyo kipakwe praima kwanza, au rangi ya maji iliyozimuliwa, la sivyo kitaonekana kama baka kila jua linapoingia. Doa la maji lililokauka lipakwe praima ya mafuta mara moja kabla ya rangi ya maji, kwa sababu rangi ya maji peke yake huliyeyusha, na doa litapenya juu hata ukipaka mikono mitano. Halafu paka dari nzima ya chumba hicho, kutoka ukuta hadi ukuta. Rangi mpya pembeni ya rangi ya miaka minne haifanani, hata ikiwa imetoka kopo lilelile.

Unga uliobaki ufungwe vizuri kwenye mfuko wa plastiki na uwekwe mahali pakavu, juu ya ubao, si sakafuni. Ndoo na skrepa vioshwe nje, na maji yake yamwagwe shimoni, mbali na mboga. Kijana wa fundi asiruhusiwe kuyamwaga kwenye sinki la jikoni, maana unga huo utaganda ndani ya bomba kama ulivyoganda darini, na bomba halizibuliki kwa maji ya moto.